Magadi, Shabu na Mwanafunzi Asiyeruhusiwa Kuuliza

Kuna swali moja dogo la kemia ambalo, kwa maoni yangu, linaeleza hali ya elimu yetu kuliko ripoti nyingi zinazorundikwa katika makabati ya ofisi za umma. Swali lenyewe ni hili: kwa nini fomula ya kloridi ya kalsiamu ni CaCl₂ na si CaCl? Muulize kijana aliyemaliza Kidato cha Nne na kufaulu kemia. Aghalabu atakujibu bila kusita kwamba kalsiamu ina valensi mbili, klorini ina valensi moja, basi tunapishanisha namba na jibu linapatikana. Muulize tena: tunapishanisha kwa nini? Hapo ndipo ukimya unapoanza.

Ukimya huo ndio mada yangu leo. Wapo watakaodai kwamba ni ukimya wa mwanafunzi mvivu, na wengine watamlaumu mwalimu. Mimi nashikilia kwamba ni ukimya uliotengenezwa na sera, ukatunzwa na mitihani, na ukahalalishwa na wasomi ambao wangepaswa kuwa wa kwanza kuuvunja.

Tuanze na kemia yenyewe, maana hoja isiyosimama juu ya jambo halisi hugeuka kelele. Kampaundi ya ioni huundwa pale atomu za metali zinapopoteza elektroni na atomu za simetali zinapozipokea. Atomu ya kalsiamu ikipoteza elektroni mbili hubaki na chaji chanya mbili. Atomu ya klorini ikipokea elektroni moja huwa na chaji hasi moja. Kwa kuwa kampaundi nzima haina chaji, kila ioni moja ya kalsiamu huhitaji ioni mbili za kloridi ili chanya na hasi zilingane. Hayo ndiyo maelezo yote. Ni hesabu ya mizani, na muuza nyanya wa Kariakoo asiyejua kusoma anaielewa kwa sababu anaifanya kila siku: uzito wa upande huu sharti ulingane na uzito wa upande ule.

Sasa tazama jinsi jambo hili jepesi linavyofundishwa. Mwanafunzi hupewa orodha ya valensi aikariri. Kisha huonyeshwa mbinu: andika alama mbili, weka valensi juu ya kila alama, chora mishale miwili inayopishana, shusha namba. Mbinu hiyo si haramu. Kama njia ya mkato kwa mtu aliyekwisha kuelewa, ina manufaa yake. Tatizo linakuja pale njia ya mkato inapokuwa ndiyo njia pekee. Mwanafunzi akipishanisha magnesiamu na oksijeni, kila moja ikiwa na valensi mbili, anapata Mg₂O₂. Anaambiwa arahisishe aandike MgO. Anarahisisha kwa sababu gani? Hajui. Kesho yake anakutana na hidroksidi ya kalsiamu, anaandika CaOH₂ bila mabano, anakoseshwa. Haelezwi kwamba mabano yana maana: kwamba oksijeni na hidrojeni zimefungamana zikawa ioni moja yenye chaji hasi moja, na kwamba tunahitaji ioni mbili kamili za namna hiyo, ndiyo maana tunaandika Ca(OH)₂. Kwake yeye mabano ni pambo ambalo msahihishaji hupenda kuliona.

Ubaya zaidi ni kwamba mbinu hii hushindwa pale pale tunapofikia vitu vya nyumbani kwetu. Chukua shabu, ile ambayo bibi zetu waliitumia kutuliza tope la maji mtungini. Fomula yake ni KAl(SO₄)₂·12H₂O. Humo mna ioni za aina tatu: potasiamu, alumini na salfeti. Mishale miwili ya kupishana itapita wapi? Haina pa kupita. Lakini anayejua mizani hahangaiki: potasiamu inaleta chanya moja, alumini inaleta chanya tatu, jumla nne, salfeti mbili, kila moja yenye hasi mbili, zinaleta hasi nne. Upande umelingana na upande, na maji yanayofuata hayana chaji, hayabadilishi kitu katika hesabu hiyo.

Chukua magadi, yale ambayo tunayatia katika maharage yaive upesi, na ambayo yametanda kwenye Ziwa Natron upande wa Tanzania na Ziwa Magadi upande wa Kenya. Madini yake, trona, huandikwa Na₃H(CO₃)₂·2H₂O. Sodiamu tatu na hidrojeni moja, chanya nne. Kaboneti mbili, hasi nne. Chukua pia mwamba wa fosfeti wa Minjingu, mkoani Manyara, unaosagwa kuwa mbolea. Ni wa jamii ya apataiti yenye floridi, ambayo fomula yake ya msingi ni Ca₅(PO₄)₃F. Kalsiamu tano ni chanya kumi. Fosfeti tatu ni hasi tisa. Floridi moja inakamilisha kumi. Vitu vitatu vya ardhi na majiko yetu, na vyote vitatu vinaiumbua mbinu ambayo tumewakaririsha watoto kana kwamba ndiyo sayansi yenyewe.

Kwa nini basi mbinu imeshinda maelezo? Kwa sababu mbinu haihitaji lugha. Mishale huchorwa bila kusema neno, ilhali maelezo yanahitaji sentensi. Yanahitaji maneno kama "kwa kuwa", "ili", "la sivyo", "hivyo basi". Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, akaingia Kidato cha Kwanza na kuamriwa kwamba kuanzia leo atafikiri kwa Kiingereza, hana sentensi hizo. Anajua majina ya vitu, hana viunganishi vya fikra. Mwalimu naye, ambaye mara nyingi alipita njia iyo hiyo, hana sentensi za kutosha za kumpa. Wote wawili wanakimbilia mahali salama, yaani kukariri. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Lakini kuuliza kwa lugha usiyoimudu mbele ya wenzako arobaini ni aibu, na mtoto wa miaka kumi na minne huogopa aibu kuliko anavyoogopa sifuri.

Kila aliyepita katika shule zetu anajua kinachofuata. Mwalimu mwenye huruma hufunga mlango na kueleza kwa Kiswahili. Macho ya wanafunzi hung'aa, darasa linachangamka, maswali yanaanza kuja. Mkaguzi akipita, lugha inabadilishwa. Kiswahili kimegeuzwa bidhaa ya magendo katika nchi yake chenyewe: kinaingizwa darasani kwa siri, kinafanya kazi yote nzito ya kuelewesha, kisha kinafukuzwa siku ya mtihani. Mwanafunzi aliyeelewa kwa Kiswahili anaulizwa kwa Kiingereza, na akishindwa kujieleza tunaandika kwamba hajui kemia. Huo si upimaji wa kemia.

Nakumbushwa mara kwa mara kwamba jambo hili ni gumu na linahitaji muda. Naam, tuhesabu muda huo. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za umma Tanzania. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo liliwekwa kando. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikatamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote, huku Kiingereza kikiimarishwa. Maandishi yamepitiwa upya tangu wakati huo, lakini darasa la kemia liko pale pale lilipokuwa. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa Tume ya Makweta leo ni mzazi, na mwanawe anachora mishale ile ile. Kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tunacheza ngoma na kutoa hotuba. Tarehe 8 Julai tunamrudisha mtoto kwenye ukimya wake.

Nizijibu sasa hoja za wanaopinga, kwa kuwa si haki kuwapuuza.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi. Hoja hii ilikwisha kufa, ila maziko yake yanaahirishwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Ioni, elektroni, chaji, elementi, valensi: maneno haya tunayo, na msomaji wa makala hii hakuhitaji mkalimani kunifuata hadi hapa. Yapo mapengo, na zipo istilahi zinazogongana. Lakini istilahi husanifishwa kwa kutumiwa. Hakuna lugha iliyokamilisha msamiati wake wa kemia ikiwa imefungiwa nje ya maabara.

Tena, katika somo hili hasa la uandishi wa fomula, hoja hiyo haina hata mahali pa kusimama, kwa sababu alama zenyewe si za Kiingereza. Utaratibu wa kutumia herufi kwa elementi ulibuniwa na Mswidi, Jöns Jacob Berzelius, mwanzoni mwa karne ya 19; yeye aliziweka namba juu ya mstari, na wengine baadaye wakazishusha chini. Fe ni ya neno la Kilatini ferrum. K ni ya kalium, neno lenye asili ya Kiarabu lililohusu majivu ya mimea. Na ni ya natrium, kutokana na natroni, jina la chumvi ya magadi. Ndilo jina lile lile linaloitwa ziwa letu la kaskazini. Fikiria kejeli hiyo: alama ya sodiamu ina undugu na jina la Ziwa Natron, lakini mtoto wa Ngorongoro anaambiwa kwamba lugha ya nyumbani kwake haiwezi kuieleza. Mtoto wa London naye hulazimika kujifunza kwamba Na ni sodiamu ingawa jina analolijua halina herufi hizo. Tofauti ni kwamba yeye huelezwa sababu kwa lugha anayoiota usiku.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema kwamba muundo wa Kiswahili unagongana na fomula: tunasema "kloridi ya sodiamu", kloridi ikitangulia, ilhali tunaandika NaCl, sodiamu ikitangulia. Hili ni pingamizi la kweli, nami naliheshimu kuliko lile la istilahi. Lakini Wafaransa nao hutanguliza kloridi wanapotamka. Waarabu hutanguliza kloridi. Wachina na Wajapani vilevile. Je, viwanda vya kemia vya Ufaransa na Japani vimefungwa kwa sababu hiyo? Mwalimu anahitaji dakika mbili kusema: "Kwa kutamka tunaanza na ioni hasi, kwa kuandika tunaanza na ioni chanya." Dakika mbili hizo haziwezi kuwa sababu ya kulinyima taifa zima uelewa.

Hoja yao ya pili ni kwamba Kiingereza ni lugha ya dunia. Kweli, na ndiyo maana ninataka kifundishwe vizuri, kama somo, na walimu wanaokijua, tangu chini hadi juu. Ninachokataa ni kukifanya mlango wa kemia, kisha tushangae kwamba mtoto amekosa mlango na kemia pia. Mwanafunzi aliyeelewa usawa wa chaji kwa Kiswahili ataweza kuusoma kwa Kiingereza akiwa chuoni, kwa sababu atakuwa anatafuta maneno ya wazo alilo nalo. Asiyeelewa kwa lugha yoyote hana cha kutafsiri.

Ninafundisha chuo kikuu, na ninyi wanafunzi mnaonisoma mnajua ninachosema. Tunapokea vijana wenye alama nzuri ambao wanaweza kuandika fomula ya kloridi ya sodiamu, lakini wanaamini kwamba chumvi ni rundo la vijipande vya NaCl, kila sodiamu ikiwa na klorini yake kama mke na mume. Hawajaambiwa kwamba katika chembe ya chumvi kila ioni ya sodiamu imezungukwa na ioni sita za kloridi, na kila kloridi imezungukwa na sodiamu sita, wala hakuna jozi. Fomula ya kampaundi ya ioni haihesabu watu wa kaya moja, inataja uwiano. Neno "uwiano" ni la Kiswahili, linafundishwa katika hisabati ya shule ya msingi. Lilikuwepo wakati wote, likingoja kuitwa.

Mtumishi wa umma anayesoma hapa anaweza kujiuliza: haya yananihusu nini mimi? Yanakuhusu, hata kama meza yako haina chupa hata moja ya maabara. Bwana shamba anayemshauri mkulima kuhusu mbolea ya salfeti ya amonia anashughulika na (NH₄)₂SO₄. Kwa kuwa ioni ya amoniamu ina chanya moja na salfeti ina hasi mbili, sharti ioni za amoniamu ziwe mbili, na hivyo naitrojeni ziwe mbili. Piga hesabu: sehemu 28 kati ya 132, yaani asilimia 21. Mfuko wa kilo 50 una takriban kilo 10.5 za naitrojeni. Sasa mpe kazi hiyo mtu aliyekariri vibaya akaandika NH₄SO₄. Hesabu yake itampa asilimia 12, kilo 6 tu kwa mfuko. Atamwambia mkulima aongeze mifuko ambayo hakuihitaji, kwa fedha ambazo hana. Namba moja ndogo chini ya mabano imekula ada ya mtoto.

Au twende kwenye maji. Kwa miaka mingi wananchi wa sehemu za Arusha, Kilimanjaro na Manyara wamekunywa maji yenye floridi nyingi. Meno ya watoto yamekuwa ya kahawia, na pale floridi ilipozidi sana hata mifupa imepinda. Sababu yake husomeka katika fomula. Kalsiamu na floridi zikikutana huunda CaF₂, ambayo haiyeyuki kwa urahisi. Kwa hiyo maji yenye kalsiamu nyingi huiangusha floridi. Sodiamu na floridi huunda NaF, ambayo huyeyuka. Kwa hiyo maji ya magadi, yenye sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, huiacha floridi ndani ya kikombe. Hata dawa yake husomeka humo humo. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe, uliofanyiwa kazi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto kule Arusha, husafisha maji kwa sababu mfupa una madini ya Ca₅(PO₄)₃OH. Floridi ina hasi moja na hidroksidi ina hasi moja. Moja huingia mahali pa nyingine na mizani haitikisiki. Mwananchi wa Meru aliyefundishwa hivyo hawi tena mtu wa kusubiri semina. Anaweza kumuuliza mhandisi wa maji swali, na mhandisi akalazimika kujibu.

Nadhani hapo ndipo penye siri ya ukaidi wetu. Elimu inayoeleweka huzaa maswali, na maswali huwasumbua wenye madaraka. Tabaka letu la juu, pamoja na wasomi kama mimi, limejiwekea njia yake ya kuchepuka: watoto wetu tunawapeleka shule za mchepuo wa Kiingereza, wakue na lugha hiyo tangu chekechea, kisha tunasimama majukwaani kusifu usawa wa fursa. Tumeliacha daraja bovu kwa sababu sisi tunavuka kwa ndege. Nanyi wanaharakati, mnaopigania mengi mema, mbona suala hili mmewaachia walimu wa Kiswahili peke yao, kana kwamba ni la methali na mashairi? Haki ya kuelewa kinachofundishwa ni haki kama nyingine.

Basi tudai mambo mahususi. Kwanza, mtihani wa kemia wa sekondari utolewe kwa lugha mbili, na mtahiniwa aruhusiwe kujibu kwa lugha anayoimudu. Alama za kikemia ni zile zile, hivyo usahihishaji hautaharibika. Pili, maswali ya fomula yaache kuuliza "andika" peke yake, yaulize "andika na eleza kwa nini". Swali likibadilika, ufundishaji utabadilika, maana shule zetu hufundisha kile kinachotahiniwa. Tatu, shabu, magadi, chokaa, mbolea na maji ya visima vyetu viingie vitabuni kama mifano ya msingi, visibaki kuwa mapambo ya ukurasa wa mwisho. Nne, walimu wapewe kamusi, vitabu na mafunzo kazini, wala wasitwishwe lawama za mfumo ambao hawakuubuni.

Hakuna hata moja kati ya hayo manne linalohitaji mkopo wa nje wala tume nyingine. Linalohitajika ni kwamba wale wenye kalamu ya kuidhinisha wakubali kwamba mtoto wa mkulima ana haki ya kupata jibu anapouliza kwa nini ni CaCl₂ na si CaCl, na kulipata kwa lugha ambayo alitumia kuuliza.